Pilau ya mahafali: jinsi ya kulisha wageni 50 nyumbani bila mama kukosa picha

Msimu wa mahafali ukifika, maswali ni yale yale: mchele kilo ngapi kwa watu hamsini, maji yapimweje, kuku wangapi, chakula kitoke saa ngapi. Mwongozo huu unayajibu kwa sherehe ya aina moja tu, ile inayofanywa na wengi: mhitimu ametoka chuoni, familia imefunga turubai uani, na ndugu, majirani na marafiki wamealikwa kula pilau mchana. Vipimo vyote ni vya wageni 50, kwa wapishi wa nyumbani ambao hawajawahi kupika zaidi ya kilo mbili tatu kwa mkupuo.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Sherehe za nyumbani huharibika jikoni na kwenye saa, mara chache sana kwenye mapambo. Wageni watasamehe maputo yasiyolingana rangi. Hawatasahau kukaa na njaa hadi magharibi, na familia haitasahau kwamba mama aliyemsomesha mtoto alikuwa nyuma ya nyumba anapuliza moto wakati keki inakatwa. Hatua zote hapa chini zimepangwa ili chakula kiive kabla ya saa yake na wazazi wakae mbele, kwenye viti vyao.

Kabla hujaanza

Siku. Usifanye sherehe siku ile ile ya mahafali ya chuo ikiwa unaweza kuepuka. Ratiba za chuo hurefuka, foleni ya kurudi nyumbani haitabiriki, na mhitimu hufika amechoka. Jumamosi au Jumapili inayofuata ni bora. Wageni waambie saa 8 mchana, ukijua kwamba chakula kitatoka saa 9 kamili.

Idadi. Usihesabu kadi, hesabu vichwa. Piga simu kila nyumba uliza wanakuja wangapi, watoto wangapi. Ongeza mmoja kwa kila kumi, maana daima yupo anayekuja na mwenzake. Watoto wawili wa chini ya miaka kumi hula sawa na mtu mzima mmoja.

Mvua. Mahafali mengi ya vyuo Tanzania huangukia Oktoba hadi Desemba, wakati Pwani ina mvua za vuli. Kodi turubai la wageni na tafuta jingine dogo, hata la nailoni, la kufunika mahali pa moto. Watu hukumbuka la kwanza na kusahau la pili, kisha mvua inazima jiko pilau ikiwa katikati.

Michango. Achaguliwe mtu mmoja wa kupokea fedha kwa simu na kuandika kwenye daftari. Mwisho wa kupokea uwe wiki moja kabla. Ahadi iliyopita tarehe hiyo usiinunulie kitu. Ikija, itaenda kwenye zawadi ya mhitimu.

Watu wa kazi. Unahitaji wapishi wawili wa pilau, wawili wa kuku na kachumbari, wanne wa kugawa chakula, mmoja wa kupokea wageni na zawadi, na mshereheshaji. Mama na baba wa mhitimu hawamo kwenye orodha hii. Kama mama ndiye mpishi bora wa ukoo, aonje supu saa 7 mchana, aseme neno lake, aende akaoge.

Vyombo vya jikoni: sufuria mbili za lita 25 zenye vifuniko bapa vya chuma au alumini, majiko mawili makubwa ya mkaa (au mafiga na kuni), jiko la tatu au la gesi kwa ajili ya kuku, miiko miwili mirefu ya mbao, koleo la makaa, kinu na mchi, beseni tatu, masinia manne, jagi lenye alama za lita. Mkaa madebe matatu. Jagi la kupimia ndilo watu hulipuuza, na pilau nyingi hufa hapo.

Vya ukumbini: viti 60, meza nne, sahani 60, vikombe 70, ndoo mbili zenye koki na sabuni za kunawia, spika moja. Hesabu viti na sahani mbele ya aliyekukodisha unapopokea, maana utalipa vitakavyopungua.

Orodha ya sokoni

Kwa pilau ya watu 50, yaani sufuria mbili za kilo 4 kila moja:

- mchele kilo 8, na kilo 2 za akiba
- nyama ya ng'ombe yenye mifupa na mafuta kidogo, kilo 5
- vitunguu maji kilo 2
- kitunguu saumu gramu 250 na tangawizi gramu 250
- viazi mviringo kilo 3, vidogo visivyohitaji kukatwa
- mafuta ya kula lita 1.2
- binzari nyembamba gramu 80, mdalasini gramu 30, pilipili manga gramu 25, iliki gramu 20, karafuu gramu 10
- chumvi nusu kilo (haitaisha)

Kuku: 8 wa kisasa, kila mmoja vipande 8, unapata vipande 64. Mafuta ya kukaangia lita 3, ndimu 10.

Kachumbari: nyanya kilo 4, vitunguu kilo 1.5, matango matano makubwa, ndimu 10, pilipili mbuzi chache za kuweka pembeni.

Vinywaji: ukwaju kilo 2 na sukari kilo 1.5 kwa lita 14 za juisi, soda kreti mbili, maji ya kunywa chupa 60 za nusu lita.

Matunda: matikiti maji manne. Novemba na Desemba maembe yapo, chukua hayo pia.

Mchele nunua wa aina moja, kwa muuzaji mmoja, siku moja. Ukichanganya wa Kyela na wa Shinyanga kwenye sufuria moja, mmoja utaiva na mwingine bado una kiini. Muulize muuzaji kama ni mchele mpya wa msimu au wa zamani, kwa sababu mpya hunywa maji kidogo.

Nyama na kuku vichinjwe na Muislamu. Kwenye mikusanyiko yetu dini zimechanganyika, na mgeni asilazimike kuuliza ndipo ale. Kwa wasiokula nyama kabisa pika sufuria ndogo ya maharage ya nazi na wali mweupe kilo moja.

Keki: kilo 3 inatosha vipande 50 vya kuonja. Jina la mhitimu na la shahada yake mwandikie mwokaji kwenye karatasi au ujumbe wa simu, usimtajie kwa mdomo.

Hatua kwa hatua

1. Wiki mbili kabla, toa taarifa. Mwambie mjumbe wako na ofisi ya serikali ya mtaa siku, saa na kama kutakuwa na muziki. Waambie majirani pia, hata wale usiowaalika. Spika ikiwa uani kwako, kwao ni kama iko sebuleni.

2. Siku tatu kabla, jaribu mchele. Pika kilo moja kwa kipimo utakachotumia: lita 1.6 za supu au maji kwa kilo ya mchele uliooshwa bila kulowekwa. Ukitoka mkavu, ongeza nusu kikombe kwa kila kilo; ukitoka umelainika sana, punguza hivyo hivyo. Kwenye sufuria kubwa maji hupotea kidogo kwa mvuke, kwa hiyo siku ya sherehe anza na lita 1.5 kwa kilo na urekebishe kwa ulichokiona.

3. Jioni ya kuamkia sherehe, maliza kazi zote za mkono. Chagua mchele, toa mawe. Menya kitunguu saumu na tangawizi, twanga pamoja. Kaanga viungo vikavu kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, dakika mbili tu, mpaka vinukie, kisha twanga. Nusu ya mdalasini iache ikiwa vijiti. Kata vitunguu vya pilau vyembamba, funika. Kuku kama una friji, wapake ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na chumvi walale humo. Kama huna friji, nyama na kuku vinunuliwe alfajiri. Usilaze nyama mbichi kwenye beseni la maji. Kwa joto la Novemba itaharibika kabla ya asubuhi.

4. Usiku huo huo, tengeneza juisi. Loweka ukwaju kwenye lita 5 za maji ya moto kwa saa moja, uvuruge kwa mkono safi, uchuje mara mbili. Ongeza sukari ikiwa bado vuguvugu ili iyeyuke, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka ifike lita 14. Mimina lita tatu kwenye chupa na ugandishe. Kesho ndizo zitakazopooza zilizobaki bila kuzipunguza ladha kama barafu ya maji inavyofanya.

5. Saa 12 asubuhi, weka nyama motoni. Vipande viwe vikubwa kiasi cha kiberiti, vikiwa vidogo vitapotea kwenye wali. Tia maji lita 14, kijiko kikubwa cha tangawizi na vijiko viwili vya chumvi. Chemsha mpaka ilainike lakini bado imeshika mfupa, kwa kawaida saa moja na nusu hadi mbili. Epua nyama, pima supu kwa jagi. Unahitaji lita 12 kamili kwa sufuria zote mbili. Ikipungua jazia maji ya moto, ikizidi weka pembeni kwa akiba.

6. Saa 3 asubuhi, chemsha kuku dakika 15 hadi 20 kwa maji machache na uwachuje. Kukaanga kuwe kuanzia saa 7 mchana, ili wafike mezani wakiwa na ugumu wa juu. Usirundike vipande kwenye karai. Mafuta yakipoa, kuku hunywa mafuta badala ya kukaangika. Dakika 6 hadi 8 kila mkupuo. Pasua kipande kimoja kinene, tazama karibu na mfupa: damu isiwepo.

7. Saa 6 na nusu mchana, anza pilau ya kwanza. Ya pili ianze saa 7 kasorobo, na mpishi mwingine. Kuanzia hapa vipimo ni vya sufuria moja.

Pasha mafuta mililita 600, tia kilo moja ya vitunguu na kaanga kwa moto wa wastani ukigeuza bila kuacha, dakika 20 hadi 25. Unatafuta rangi ya kahawia iliyokolea, kama kahawa. Hapa ndipo rangi ya pilau inapotoka, na hakuna mahali pengine. Vitunguu vya njano vitakupa pilau nyeupe; vyeusi vitakupa pilau chungu. Vikiungua vimwage, osha sufuria, anza upya. Una akiba ya vitunguu vya kachumbari kwa dharura hiyo.

8. Tia nusu ya tangawizi na kitunguu saumu, geuza dakika mbili. Vikishika chini, nyunyiza supu kidogo. Tia nusu ya viungo, dakika moja tu, halafu nyama kilo 2.5 na viazi kilo 1.5. Geuza dakika 7 mpaka viazi vipate rangi. Viungo vya mchuzi vya paketi na binzari ya manjano havina kazi hapa. Hufunika harufu ya iliki na karafuu ulizogharamia.

9. Mimina supu ya moto lita 6. Ichemke. Sasa onja: ladha ya chumvi iwe imezidi kidogo ile unayopenda kwenye supu ya kunywa, kwa sababu mchele utainywa. Kwa kilo 4 za mchele jumla ya chumvi ni kama gramu 80, vijiko vitano vya chakula, ukihesabu na iliyotangulia kwenye nyama. Ongeza kijiko kimoja kimoja.

10. Osha mchele mara tatu, uchuje vizuri, uutie. Koroga mara moja kutoka chini ili usishike, usawazishe, ufunike. Moto uwe mkali mpaka maji yakutane na uso wa mchele, dakika 10 hadi 12. Geuza mara moja, taratibu, ukiuleta wa pembeni katikati. Kukoroga mara kwa mara ndiko kunakovunja punje na kutoa bokoboko, na hapo ndipo wengi wenye wasiwasi hujiharibia.

11. Palia. Ondoa makaa mengi chini ya sufuria, bakiza machache ya kutoa joto. Funika juu ya mchele kwa jani la mgomba lililooshwa, weka kifuniko, na juu ya kifuniko panga makaa yaliyowaka. Dakika 15, fungua, geuza kutoka pembeni, funika tena dakika 15. Onja punje za juu na za chini. Zikiwa sawa, ondoa moto wote na uache sufuria imefunikwa dakika 10. Saa 8 na nusu zote mbili zitakuwa tayari, na zitabaki za moto kwa saa nzima mradi hakuna anayefungua kuonja.

Usijaribu kupika kilo 8 kwenye sufuria moja kubwa. Chini itaungua, juu itabaki mbichi, na uzito wake hautakuruhusu kugeuza. Wapishi wa kukodi huweza kwa sababu wana moto mpana na mikono iliyozoea. Pia ukiharibikiwa na sufuria moja kati ya mbili, bado wageni watakula.

12. Kachumbari. Kata kila kitu kufikia saa 8. Vitunguu visugue kwa chumvi vijiko viwili, suuza mara mbili, kamua, ukali utapungua. Nyanya, matango na vitunguu vikae mabeseni tofauti. Changanya na utie ndimu na chumvi saa 9 kasorobo, wakati watu wanakaa kula. Ukitia chumvi mapema nyanya hutoa maji, na saa 9 utagawa supu ya nyanya.

13. Pokea wageni na mhitimu. Hili lina utamu wake, lisifanywe kwa haraka. Mhitimu aingie na joho lake akiwa na wazazi wawili ubavuni, khanga zitandikwe njiani, vigelegele vipigwe, mashada ya maua avalishwe na bibi au shangazi kwanza, marafiki wafuate. Kama mna uwezo wa matarumbeta, yapigwe hapa tu, dakika kumi. Picha zote za joho zipigwe sasa, kwa mpangilio: wazazi, babu na bibi, ndugu wa tumbo moja, upande wa baba, upande wa mama, majirani, marafiki. Mtu mmoja ashike orodha na aite majina. Kisha avue joho. Joho nyingi ni za kukodi, na doa la mafuta ya pilau kwenye kitambaa kile halitoki kirahisi.

14. Keki kabla ya chakula, dakika 15. Mpaka hapo iwe ndani ya nyumba, mbali na jua. Krimu ya siagi hulainika upesi chini ya turubai. Mhitimu awalishe wazazi kwanza, kisha wazee, kisha mwalimu au mlezi kama yupo. Mama wadogo, mama wakubwa, wajomba na shangazi waitwe kwa makundi, vinginevyo mtafika saa 10 mkilishana.

15. Saa 9 kamili, sala au dua, chakula. Hotuba zote zingoje. Tengeneza mistari miwili ya kugawia, kila mmoja na sufuria yake: mmoja apakue pilau kwa bakuli moja la kipimo, mwingine aweke kuku kipande kimoja, kachumbari mgeni achukue mwenyewe. Nyama na kuku visiachwe kwa kujihudumia, maana wa kwanza arobaini watakula na kumi watapata mifupa. Wazee wasipange foleni, wapelekewe walipo. Wapishi watengewe sahani zao kabla ya mgeni wa kwanza kupakuliwa.

16. Baada ya kula, nasaha na zawadi. Wasemaji watatu: mzazi mmoja, mwakilishi wa ndugu, mhitimu. Dakika tatu tatu, na mshereheshaji awaambie mapema. Mhitimu ndiye wa mwisho, na ataje kwa majina waliochangia ada, nauli, hata waliompa mahali pa kulala. Mwandishi wa zawadi aandike kwenye daftari nani kaleta nini. Bahasha zifunguliwe jioni, wageni wakishaondoka. Muziki ufuate.

Mambo yakienda kombo

Pilau ina kiini kigumu. Maji yalipungua au moto wa juu ulikuwa hafifu. Nyunyizia mililita 200 za supu ya moto kwenye sufuria ya kilo 4, isambae juu yote, funika, palia upya dakika 10. Usitie maji ya baridi.

Imekuwa bokoboko. Ondoa kifuniko na moto wa chini, tandaza kwenye masinia mapana, iache ipumue dakika 15. Haitachambuka kama ilivyotakiwa lakini itashikika. Usiendelee kuigeuza.

Imeungua chini. Usikwangue, usikoroge. Hamisha ya juu kwenye chombo kingine mara moja, acha ukoko wote. Harufu ya moshi ikiwa imepanda kidogo, acha wazi dakika tano.

Chumvi imezidi. Pika kilo moja ya mchele wa akiba bila chumvi, uchanganye. Kwenye supu kabla ya mchele ni rahisi zaidi: punguza supu, jazia maji ya moto kipimo kile kile. Ndiyo maana kuonja hatua ya 9 hakurukwi.

Pilau nyeupe. Rangi haiwezi kuingizwa baadaye. Kaanga vitunguu vingine mpaka vikauke na viwe vya kahawia, unyunyizie juu wakati wa kupakua. Hupendeza macho na ladha hupanda.

Wageni wamekuja 65. Hapa ndipo kilo 2 za akiba zinapofanya kazi. Saa 8 na nusu hesabu viti vilivyojaa. Vikizidi hesabu yako, weka wali mweupe kwenye jiko la gesi papo hapo, utaiva ndani ya dakika 40, ukitumia ile supu ya ziada badala ya maji ukiwa nayo. Pakua pilau na wali kidogo kidogo kwa kila mmoja.

Umeme umekatika. Nunua uniti za Luku siku moja kabla ili angalau isiwe wewe uliyesahau. Spika ya betri iliyochajiwa usiku inatosha nyumbani. Jenereta si lazima kwa sherehe ya mchana.

Kuku wameisha kabla ya watu. Mara nyingi kuna sahani zimewekewa vipande viwili. Acha kutafuta mkosaji, pakua nyama ya pilau kwa wingi zaidi kwa waliobaki na wape matunda kwanza.

Kwa furaha ndogo ndogo

Mtoto kamaliza darasa la saba, kijana kapata kazi, binti kahitimu Kurani, jirani karudi salama safarini. Hizi hazihitaji turubai. Kwa kila watu sita au saba chukua mchele kilo 1, nyama gramu 600, kitunguu gramu 250, mafuta mililita 150, viungo vilivyochanganywa gramu 20, chumvi kijiko kimoja na robo, supu lita 1.6. Sufuria ndogo hupoteza mvuke zaidi, ndiyo maana supu imepanda kutoka lita 1.5. Vitunguu vya kilo moja ya mchele hukaangika kwa dakika 12 hadi 15. Mengine yote ni yale yale, kuanzia kupalia hadi kumketisha mbele anayepongezwa.

Jioni na kesho yake

Pilau iliyobaki igawe ikiwa bado ya moto, ndani ya saa mbili tangu ipakuliwe. Wali uliokaa vuguvugu huotesha bakteria wanaoacha sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Ya kulaza tandaza ipoe upesi, kisha friji. Ya majirani ifungwe kwenye vyombo kabla ya giza, na wa kwanza kupelekewa wawe wale ambao hawakualikwa lakini walivumilia spika.

Hesabu viti na sahani mbele ya mwenye navyo. Joho lipigwe mswaki mkavu, litundikwe, lirudishwe chuoni kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye risiti, pamoja na kofia na vifaa vyote vilivyokuja nalo. Kisha mhitimu achukue lile daftari la zawadi na lile la michango, akae chini, na apige simu moja moja kushukuru, akianza na wazee.